Igeuze Mgongoni: Mwongozo wa Kuitambua Beji ya Kijerumani na Kupoteza Marafiki

Ukiwekewa mbele beji ya kale ya Kijerumani, usiitazame usoni. Usoni wanatazama wanunuzi, na wanunuzi ndio wanaomlipia muuzaji nauli ya kurudi kwake. Wewe igeuze. Finya jicho moja, sema "mmh," kisha irudishe mezani taratibu kama mtu aliyeonja mchuzi akakuta chumvi imezidi. Kwa mwezi wa kwanza huo ndio utakuwa utaalamu wako wote, na unatosha. Nimeshuhudia bei ikishuka euro kumi kwa "mmh" moja tu iliyotoka tumboni.

Naandika kwa haki ya mtu aliyeumia. Miaka kadhaa sasa, kila Jumapili asubuhi, Waswahili wenzangu wa Berlin wakiwa bado wamejifunika blanketi, mimi huwa nimeshachutama mbele ya meza ya vitu vikuukuu, vidole vimekufa ganzi. Sikuanza kwa kutafuta nishani. Nilikwenda kutafuta sufuria ya pilau. Nilirudi na msalaba wa chuma, na mama watoto akauliza kwa upole kama wali utaiva humo.

Vifaa kwanza. Tafuta lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara kumi. Ya mara thelathini iache, utaona ngozi ya kidole chako ukadhani ni kutu. Sumaku, hata ile ya kwenye jokofu yenye picha ya twiga. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Tochi ya kukagulia noti bandia, wanayo wenye maduka kule Kariakoo. Mwisho, uso usioonyesha furaha. Huo hauuzwi popote, na bila huo vile vinne ni mzigo wa bure.

Jambo la kwanza utakalokutana nalo mezani si beji, ni babu. Kila beji ya Kijerumani ina babu. Babu aliivaa, babu aliificha darini, babu hakuwahi kuizungumzia mpaka anaingia kaburini. Msikilize muuzaji kwa adabu, mkubwa ni mkubwa, lakini kumbuka kwamba babu hapimwi kwa mizani wala hanaswi na sumaku. Kinachopimika kiko mgongoni: sindano, bawaba inayoishika upande mmoja, na ndoano inayoipokea ncha upande wa pili.

Ukigeuza ukakuta vijiti viwili vifupi vyenye ncha, na vibano vya kufinywa kwa vidole kama mbawa za kipepeo, umemaliza kazi, kanywe chai. Kifungio hicho kilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na leo ndicho kinachoshikilia beji za wajumbe wa semina. Niliwahi kuonyeshwa nishani ya "rubani wa 1916" yenye vipepeo viwili mgongoni. Babu, bila shaka, alikuwa anawahi semina.

Ukikuta sindano na bawaba, bado usishangilie. Angalia lehemu. Mahali bawaba ilipoungwa panapaswa kuzeeka pamoja na mgongo mzima, kama mke na mume. Mgongo ukiwa mweusi kwa umri lakini kuzunguka bawaba kunang'aa kama kikaango kipya, kuna mmoja hapo ameoa juzi. Kisha peleka lenzi kwenye maandishi na kwenye manyoya ya tai. Beji nzuri za zamani zilipigwa kwa chapa ya chuma kigumu: bamba linawekwa, nyundo ya mashine inashuka, na kila unyoya unasimama peke yake. Mghushi asiye na chapa huchukua beji ya kweli, akaikandamiza kwenye kalibu, akamimina madini. Madini yakipoa husinyaa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake, kingo zake zimelegea, na ukikaza jicho utaona vitundu kama vya kitumbua.

Sasa nirudi kwenye msalaba wangu, maana hapo kanuni yenyewe ya kugeuza ndiyo iliyoniua. Msalaba wa Chuma ulianzishwa mwaka 1813 na mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia, alipokuwa anajiandaa kumkabili Napoleon, na umbo lake lilichorwa na msanifu majengo Karl Friedrich Schinkel. Ulihuishwa 1870, ukahuishwa 1914, ukahuishwa tena 1939. Wangu niliugeuza kama nilivyofundishwa. Mgongoni: majani ya mwaloni, herufi FW, na mwaka 1813. Moyo ukanidunda. Nikalipa bila kupatana. Siku tatu nzima nilitembea mitaani kama niliyerithi Waterloo. Siku ya nne kijana wa jirani, mwanafunzi asiyejua lolote, akauchukua, akautazama ule upande ambao mimi mtaalamu sikuona haja ya kuutazama. Pale palikuwa na taji, herufi W, na 1914.

"Mjomba," aliniambia, "hapa wameandika vizuri tu."

Kumbe misalaba ya daraja la pili ya 1870 na ya 1914 ina mwaka wa vita vyake upande mmoja, na upande wa pili ina 1813 kwa kumheshimu mwanzilishi. Hata ya 1939 ina 1813 mgongoni. Na ile ya 1813 yenyewe, ukiipata, upande wake mmoja uliachwa mtupu kabisa, bila hata herufi. Basi rekebisha daftari lako. Igeuze. Kisha igeuze tena.

Faraja yangu ni kwamba ulikuwa wa kweli. Msalaba huu umetengenezwa kama sambusa: ndani chuma kilichotiwa weusi, nje fremu ya fedha ya vipande viwili iliyokumbatia kingo na kulehemiwa. Ukiusogezea sumaku, katikati inanasa. Isiponasa, usimwite mtu mwizi, kwa sababu ipo misalaba halali yenye moyo wa shaba. Ikinasa, usimkumbatie muuzaji, kwa sababu waghushi nao wanauziwa chuma. Kazi kubwa ya sumaku ni kukufanya uonekane unajua unachofanya, na katika soko hilo kuonekana ni nusu ya bei.

Fedha yenyewe ina kauli yake. Ukiona namba 800 ikifuatana na hilali na taji vidogo kama sisimizi, hiyo ni alama ya fedha ya Dola la Ujerumani, iliyowekwa kwa sheria ya 1884 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1888. Jamaa yangu mmoja alipoiona hilali akasisitiza ni nishani ya Sultani. Hapana, ni ya sonara wa Kijerumani, lakini inakwambia jambo kubwa: kipande hicho hakikuwepo 1813, hakikuwepo 1870, na aliyeapa kwamba babu wa babu yake alikivaa mbele ya Paris anahitaji babu mwingine.

Kuhusu metali niruhusu nikae kidogo, maana hapo ndipo beji inaposema yale ambayo uso wake umekatazwa. Ukitaka kujua vita vilikuwa vinakwendaje, usisome magazeti ya wakati ule; humo kila siku walikuwa wanashinda. Pima beji. Mwanzoni mwa Vita vya Pili nyingi zilitengenezwa kwa tombaki, mchanganyiko wa shaba na zinki ambao shaba ndiyo nyingi: mzito, unashika mchovyo wa dhahabu vizuri, unakaa mkononi kama kitu chenye heshima. Vita vikachacha, shaba ikatakiwa kwenye viwanda vya silaha, mafundi wa beji wakahamia zinki. Tai ni yuleyule, shada ni lilelile, kifua kimetunishwa vilevile, ila ukiiweka beji kwenye mizani unaona kitu kimepungua. Na zinki haipatani na mchovyo. Dhahabu na fedha iliyopakwa juu yake huchujuka yenyewe hata beji ikiwa kabatini, ikabaki sura ya kijivu kama dari ya jiko la kuni. Kwa hiyo beji mbovu, nyepesi, iliyofifia, ya mwaka wa mwishomwisho, mara nyingi ndiyo inayosema kweli. Ile ya zinki ya "1944" inayometameta kama meno ya msanii wa Bongo Fleva, hiyo ndiyo ijieleze.

Beji ya majeruhi inahitaji jicho la kofia. Iliwekwa na Kaiser Wilhelm II mwezi Machi 1918: nyeusi kwa aliyejeruhiwa mara moja au mbili, ya rangi ya fedha kwa mara tatu au nne, ya dhahabu kwa mara tano na kuendelea. (Mara tano! Huyo alihitaji hirizi, siyo beji.) Katikati kuna kofia ya chuma juu ya panga mbili. Mwaka 1939 ikarudishwa, na kofia sasa ikabandikwa swastika. Mwaka 1957 sheria ya Ujerumani Magharibi ikawaruhusu wapiganaji wa zamani kuvaa nishani zao, mradi swastika iondolewe, na viwanda kama vya Lüdenscheid, mji ulioishi kwa vifungo vya nguo na beji, vikapata kazi ya kutengeneza nishani za vita vilivyokwisha miaka kumi na miwili nyuma. Matokeo yake kuna kofia tupu za aina mbili, zimepishana karibu miaka arobaini, na moja huuzwa kwa jina la nyingine kila Jumapili. Dawa ni pembeni mwa kofia. Ya 1918 ni kofia ya mtindo wa 1916, ina vinundu viwili vilivyochomoza kama pembe za mbuzi mchanga. Ya 1957 imefuata kofia ya mtindo wa 1935, iliyonyooka, isiyo na pembe. Mbuzi asiye na pembe usimnunue kwa bei ya mwenye pembe, na yeyote kati yao usimnunue kwenye gunia.

Swastika zenyewe sokoni huzioni. Kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kuonyesha hadharani alama za Wanazi, kwa hiyo wauzaji huzifunika kwa stika ndogo za duara, zile za kuandikia bei kwenye mayai. Utakuta meza nzima ya tai walioshika stika. Usiibandue mwenyewe. Mwombe mwenye meza, naye ataangalia kushoto, ataangalia kulia, kisha atainua kona moja kama bibi anayekuonyesha kilichomo kwenye kanga yake. Kuhusu hao tai, kuna kanuni mashuhuri kwamba wa chama aliangalia kushoto kwake na wa dola aliangalia kulia kwake. Ni kanuni nzuri mpaka ukumbuke kwamba tai anakukabili, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako, na kwamba umeshaigeuza beji mara tatu na hujui tena wewe mwenyewe umesimama upande gani.

Ndiyo maana wanaoanza nawashauri waachane na vita, waanze na beji ya michezo. Haina damu, haina stika nyingi, na herufi zake zinasomeka bila lenzi. Wajerumani waliianzisha 1912, wazo wakilitoa Sweden kupitia kwa kiongozi wa michezo Carl Diem: ukikimbia, ukiruka, ukiogelea na kurusha kwa viwango vilivyowekwa, unapewa shada lenye herufi katikati. Uzuri ni kwamba miguu ya Wajerumani haikubadilika lakini herufi zilibadilika kila utawala ulipobadilika. Kuna DRA za wakati wa Jamhuri ya Weimar. Kuna DRL kuanzia miaka ya kwanza ya Wanazi, kwanza bila swastika, kisha kuanzia 1937 pamoja nayo. Kuna DSB, ambalo ni shirikisho la michezo lililozaliwa Desemba 1950. Na tangu 2006, shirikisho hilo lilipoungana na kamati ya Olimpiki, kuna DOSB. Mtu aliyeanza kuruka akiwa kijana na kuendelea mpaka uzeeni angeweza kuwa na droo nzima ya serikali.

Niliuziwa, yaani nilitaka kuuziwa, beji ya DSB kwa maelezo kwamba babu aliipata mbele ya Hitler kwenye Olimpiki ya 1936. Nilihesabu kwa vidole mbele ya muuzaji. Kumi na minne. Babu aliruka juu sana, akatua 1950.

Maandishi nayo hupotosha wanaojiamini. Wengi huamini kwamba zile herufi zenye miiba, Fraktur, ni za Wanazi, kwa hiyo beji yenye miiba ni yao. Ukweli ni kwamba Januari 1941 chama chenyewe kilitoa waraka wa kuzipiga marufuku, kikidai eti ni za Kiyahudi. Bora uangalie tahajia. Baada ya mkutano wa tahajia wa 1901, Wajerumani walifuta h kwenye maneno kadhaa: Thal, yaani bonde, likawa Tal, Thor, yaani lango, likawa Tor. Beji ya klabu ya mazoezi yenye Thal ina uwezekano mkubwa wa kuwa ya karne ya 19. Uwezekano, nasema, kwa sababu majina ya mahali ni mabishi. Binadamu wa kale aliyefukuliwa kwenye bonde la Neander bado anatembea kwenye vitabu vya sayansi na h yake, na yeye haimhusu mikutano ya tahajia.

Ikija na kijisanduku, soma kijisanduku kabla ya beji. Anwani ya kiwanda yenye namba ya posta ya tarakimu tano ni ya baada ya tarehe 1 Julai 1993. Tarakimu nne ni za kuanzia miaka ya 1960. Nimeona sanduku la mahameli, harufu ya kale, vumbi la kale, na ndani ya kifuniko namba ya posta ya tarakimu tano. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya kabisa huja kwenye mahameli.

Yamebaki majaribio ya mwili. Rangi ya beji nzuri ni enameli, yaani kioo kilichosagwa na kuchomwa kwenye tanuri. Ya beji ya juzi mara nyingi ni plastiki ya kumimina. Wenye uzoefu huigonga taratibu kwenye jino la mbele: kioo hulia "ti", plastiki husema "du". Fanya hivyo ukiwa umegeukia ukuta, na usifanye ukiwa na watoto. Ile tochi ya noti nayo imulike utepe gizani. Nyuzi mpya hung'aa buluu kwa sababu ya dawa za kung'arisha nguo, na pamba ya kale hubaki imetulia. Ni jaribio zuri sana isipokuwa pale ambapo bibi, kwa mapenzi yake, aliufua utepe halali wa 1914 kwa sabuni ya unga ya 1985. Hapo beji ya kweli inawaka kama disko, na mjane wa watu anaitwa mghushi kwa usafi wake.

Msomaji wa Tanganyika ataniuliza kama kuna chochote chetu huko mezani. Kipo. Kuna beji ya ndovu, nzuri kwa macho, yenye maneno Südsee, Afrika na Kiautschou, yaani visiwa vya Pasifiki, Afrika na lile eneo lao la China. Wageni huikimbilia wakisema ni ya enzi za Wajerumani Dar es Salaam. Igeuze kalenda badala ya beji: ilianzishwa Aprili 1922. Makoloni walikuwa wameshanyang'anywa kwa mkataba wa Versailles wa 1919. Ni beji ya watu waliogawana ndovu baada ya ndovu kuondoka.

Na kuna nishani ya ukoloni ya 1912, ya Wilhelm II. Yenyewe hupatikana. Kinachotafutwa ni vipande vyembamba vya metali vinavyotelezeshwa kwenye utepe wake, kila kimoja na jina la vita na mwaka. Vipande hivyo vinahama kirahisi kutoka utepe mmoja kwenda mwingine, na kwa kuwa kipande ndicho kinachopandisha bei, waghushi hawahangaiki na nishani, wanaghushi kipande. Angalia vishikio vya nyuma, angalia kama herufi zimepigwa au zimemiminwa, angalia kama kipande kimezeeka sawa na utepe ulio chini yake.

Majira ya baridi yaliyopita nilikuta kimoja. DEUTSCH-OSTAFRIKA 1905/07, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mimi ni mtu wa Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Februari 1906. Miaka hiyo hatuisomi kwenye vipande vya metali. Wanahistoria hukadiria waliokufa katika Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani kufikia watu 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Nilikigeuza. Vishikio vilikuwa sawa. Lenzi ikakubali, herufi zilisimama, kingo zilikuwa kali, uzee wa mbele na wa nyuma ulilingana. Kilikuwa cha kweli, na ule uso wangu usioonyesha kitu ulinisaidia siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote.

Nilitazama meza nzima, tai wote na stika zao, kisha nikamuuliza mzee mwenye meza mbona hiki hakukibandika stika.

Akakipokea, akakigeuza mgongoni, akakigeuza tena, akapitisha kidole gumba taratibu juu ya maandishi akitafuta cha kufunika.

"Hiki?" alisema. "Hiki hakina tatizo." Kisha akanitajia bei.